Ada Moja Yazinduliwa Miembeni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kukosekana kwake kutokana na majukumu mengine nimeombwa na mimi mwenyewe nimwakilishe. Waheshimiwa wawakilishi wa wale ambao nao wamewakilishwa. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa na Mheshimiwa aliyekuwa Mwenyekiti wa Mtaa, ambao nafurahi kuona leo wameketi mbalimbali kwa amani. Baba Mchungaji wetu wa Kilutheri, Baba Paroko, na Shehe wetu ambaye naambiwa yuko njiani. Ndugu wakuu wa idara, wakuu wa vitengo na wakuu wa sehemu za vitengo. Wazee wenye fimbo na wazee ambao fimbo zao zimebaki nyumbani. Wafanyabiashara wakubwa, wa kati, wadogo, na wale wanaotarajia siku moja kufikia udogo. Wanakwaya, wapiga picha, ndugu mliokuja kwa kadi ya mwaliko na ndugu mliokuja kwa harufu ya pilau. Mabibi na mabwana, kama yupo ambaye sijamtaja, basi ajihesabu ametajwa katika kundi linalomfaa. (Makofi. Shehe anaingia, anatafutiwa kiti, na Mheshimiwa anayehutubia anarudia utambulisho wote kuanzia kwa Mchungaji.)

Ndugu wananchi wa Bukoba, na ninyi ndugu zetu wa Muleba mliodamka na magari ya alfajiri kuja kushuhudia tukio hili la kihistoria hapa Miembeni, waitu, kwa heshima ya Kihaya, nawasalimu sana. (Umati: "Waitu!") Kwa wale wachache ambao hawanijui, jambo ambalo linanishangaza lakini halinikasirishi, mimi ni Privatus Mushumbusi, Kaimu Mratibu Mwandamizi wa Wakala wa Kurahisisha Wepesi wa Biashara, mzaliwa wa Kagondo, hapa hapa Bukoba, niliyemaliza shule ya msingi nikiwa wa kwanza, sekondari nikiwa miongoni mwa wa kwanza, na chuo kikuu nikiwa nimemaliza. (Kicheko upande wa vijana.) Msicheke, natoa historia. Sisi Wahaya tunasingiziwa nchi nzima kwamba tunapenda kujisifu, kwamba mtu wetu akishasoma kidogo hakai kimya tena mpaka basi zima lijue. Mimi sijisifu. Mimi natoa taarifa, na taarifa ikitokea kuwa nzuri, hilo si kosa la mtoa taarifa. (Makofi. Sauti ya mzee kutoka nyuma: "Nshomile!") Asante, mzee wangu, kweli nimesoma, nimekusikia, na nimeipokea kama pongezi.

Sasa niingie kwenye mada. Kwa muda mrefu, mwananchi wa kawaida akitaka kufungua biashara, tuseme genge, tuseme saluni, tuseme mashine ya kukoboa, alikuwa anakutana na utitiri wa ada ambao hata mimi niliyesoma ulikuwa unanipa kizunguzungu. Kulikuwa na ada ya maombi, ada ya kuhifadhi jina, ada ya kukaguliwa eneo, ada ya kukaguliwa afya ya atakayekaa kwenye hilo eneo, ada ya zimamoto hata kama mtu anauza maji, ada ya taka ambazo bado hajazizalisha, ada ya bango la kuonesha kwamba yupo, na kwa baadhi ya ofisi ambazo sitazitaja kwa kuwa wakuu wake wamekaa hapa kushoto kwangu, kulikuwa na soda ya kumnunulia mtu ili akwambie hizo ada zote ni kiasi gani. (Makofi makubwa. Upande wa kushoto wa meza kuu unakunywa maji.) Wakala wetu ukaliona hilo, ukaumia, ukakaa, ukasema hapana, tena ukasema hapana kwa barua yenye nakala kwa wahusika wote. Ndipo ikazaliwa fikra hii tunayoizindua leo, fikra ambayo sitasema ni ya nani, ila mwenye nayo amevaa suti ya kijivu na ndiye anayezungumza. Inaitwa Ada Moja. Ada moja, mlango mmoja, siku moja, cheti mkononi! (Vigelegele. Kwaya inaanza wimbo, inazuiwa.)

Na hatukukurupuka. Tulianza na feasibility study, yaani kuchunguza kama jambo linawezekana, ambayo ilithibitisha kwamba inawezekana kufanya feasibility study. Kisha tukaenda kwenye benchmarking, yaani kuangalia wenzetu wanafanyaje, kwanza Kigali, halafu ng'ambo, kwa sababu tulipofika Kigali waliokuwa wanatuelekeza walisema mengine ni lazima tukayaone ng'ambo. Huko ng'ambo tulikuta mahali ambapo ada ya kusajili biashara ndogo haipo kabisa, tukakaa siku za kutosha, hotelini, tukijaribu kuelewa wameificha wapi. (Kicheko.) Tulirudi na uelewa mpana, tukaitisha warsha ya stakeholders, yaani wadau, pale ufukweni; warsha ikazaa kamati, kamati ikazaa kikosi kazi, na kikosi kazi kikafanya kazi usiku na mchana mpaka kikatoka na nembo. Hii hapa nyuma yangu kwenye bango. Mnaona ndizi, mnaona samaki, mnaona tunda la kahawa, na katikati mnaona mkono. Kumekuwa na mjadala mitaani kwamba mkono ule unapokea. Mchoraji ametuhakikishia kwamba unasalimia. (Umati unalitazama bango kwa makini.)

Lakini, ndugu zangu, maendeleo si nembo peke yake, maendeleo yana sura ya mtu. Naomba Ma Alistidia asimame. (Mama wa makamo mwenye gauni la kijani, kiti cha mbele, anasimama nusu.) Simama vizuri, mama, wapiga picha wakuone. Huyu ni Ma Alistidia wa Muleba, mjasiriamali wetu wa mfano, bingwa wa kahawa ya kutafuna, akamwani yetu hii ambayo mgeni akiingia nyumba ya Mhaya anapewa kabla hata hajaulizwa shida iliyomleta. Anaichuma, anaichemsha na majani yake anayoyajua yeye, anaianika, anaifunga kwenye pakiti safi, anawauzia abiria pale stendi ya Bukoba. Mama huyu alitaka kuisajili biashara yake kihalali. Akaenda kuuliza Muleba, akaambiwa wateja wako wako Bukoba, nenda Bukoba. Akaja kuuliza Bukoba, akaambiwa masufuria yako yako Muleba, rudi Muleba. Amesafiri katika barabara ile mpaka makondakta wakaanza kumwonesha leseni zao, wakidhani ni mkaguzi. (Kicheko.) Hatimaye alipofika kwetu tukamwambia neno la matumaini: mama, usihangaike tena, subiri Ada Moja. Na akasubiri! (Makofi. Ma Alistidia: "Tangu Pasaka, waitu.") Tangu Pasaka, anasema. Mnaona uvumilivu wa wateja wetu?

Na asubuhi hii, aliponieleza mambo yake pale getini, nilisisimka. Kuna mfanyabiashara wa Mwanza, Bi. Penina, mwenye duka kubwa la kuhudumia wasafiri, ambaye ameionja kahawa hii na anataka kuichukua kila wiki, mwaka mzima. Sharti lake ni moja: mzigo wa kwanza upande gari la kesho alfajiri ukiwa na nakala ya cheti cha usajili, la sivyo anachukua kwa mtu mwingine ambaye tayari ana cheti. Kesho, ndugu zangu! Na Ada Moja inazinduliwa leo! Hii ndiyo inaitwa kwenda na wakati. (Makofi. Ma Alistidia hapigi makofi, anaitazama meza kuu, hasa kikapu kilichopo katikati yake.)

Na kwa ukarimu ule ule wa kwetu, Ma Alistidia hakuja mikono mitupu, ametuwekea hapa mbele kikapu cha hiyo hiyo kahawa, nami tangu niliposimama nimekuwa nikiitafuna kidogo kidogo ili sauti isikauke, na nawathibitishia kwamba ni kahawa yenye adabu. Baba Paroko naona anakubali. Shehe amekuja amechelewa lakini amewafikia wenzake. Bi. Joanitha, mkaguzi wetu wa ubora, yeye amekisogeza kikapu kabisa upande wake. (Kicheko. Ma Alistidia anainua mkono na hashushi: "Waitu Mheshimiwa, nisamehe. Hiyo si ya wageni. Hiyo ni sampuli.") Sampuli ya nini, mama? ("Ya kupimwa. Niliambiwa nilete ya kutosha, niiweke mezani kwa mkaguzi, na kwamba bila hiyo cheti hakitoki. Mawe, mama wee! Nimewaangalia tangu mwanzo, mnaimaliza.") (Meza kuu yote inaacha kutafuna kwa pamoja. Mchungaji anafunika mdomo kwa leso.)

Ndugu wananchi, naomba niliweke sawa jambo hili kabla halijafika kwenye mitandao. Kikapu kidogo cha kahawa kikiwekwa mbele ya Mhaya, hakuna sheria, kanuni wala mwongozo unaoweza kumfanya aone sampuli. Anaona yuko nyumbani. Mtu wa kutoka mkoa mwingine labda angeuliza hiki kikapu ni cha nini. Sisi tulinyoosha mkono, kwa sababu kuuliza ingekuwa ni kumtukana mwenye kikapu. Kwa hiyo hapa hakuna uzembe, hakuna hujuma, kuna utamaduni tu ambao umekutana na utaratibu njiani, na utamaduni ndio mkubwa. Kilichobaki kifunikwe. (Bi. Joanitha anafunika kikapu. Ndani hakionekani cha kufunika.)

Tuendelee. Wengi mnajiuliza, hii Ada Moja inafanyaje kazi? Ni mfumo wa kidijitali, wa kisasa, user-friendly, ambao hata bibi yangu angeutumia kama angekuwa hai na ana simu. Mwananchi anafika, anakaribishwa, anaketi kwenye kiti kinachozunguka, analipa Ada Moja, anapewa cheti, anaondoka akizungusha funguo. Kumekuwa na upotoshaji kwamba tumefuta zile ada nyingine. La hasha! Kufuta ada ni jambo la kisheria na sheria ina wenyewe. Sisi tulichofanya ni kuziunganisha kimtazamo. Yaani ili mwananchi alipe Ada Moja, atatakiwa tu kuonesha stakabadhi za zile ada zote nyingine alizokwisha lipa huko alikozilipa, ili mfumo utambue ni usumbufu gani hasa ambao umemwondolea. (Makofi yanaanza, yanasita, yanakufa. Sauti ya kijana: "Kwa hiyo hii ni ya kuongezea juu yake?") Kijana wangu, hiyo ndiyo mindset ya zamani ambayo inaturudisha nyuma. Wewe unahesabu ada, mwenzako wa ng'ambo anahesabu wepesi.

(Ma Alistidia, akiwa bado amesimama: "Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na ada. Hela zake zote ninazo kwenye simu, nimeziweka kidogo kidogo. Ninachouliza ni kimoja. Nilipe wapi leo? Huo mlango unafunguliwa saa ngapi?") Mama, hilo ni swali zuri sana, tena ni zuri kiasi kwamba nitalijibu mwishoni. Kaa kwanza, usichoke. ("Nimeshachoka, waitu. Nitasimama hivyo hivyo.") Basi simama, huo nao ni ushiriki.

Twende kwenye takwimu, maana kiongozi asiye na takwimu anapiga hadithi. Utafiti wetu unaonesha kwamba asilimia tisini na sita ya wananchi waliohojiwa waliridhika na namna walivyohojiwa. Kasi ya usajili wa biashara itapanda kwa asilimia mia tatu, na hapo ni kabla hatujaanza, tukianza sijui itakuwaje. Tutazalisha ajira elfu arobaini, zikiwemo za moja kwa moja, zisizo za moja kwa moja, na zile za mbali ambazo mtu anaweza kuwa nazo bila yeye mwenyewe kujua. Mkulima wa Kaagya ataamka asubuhi, atasimama katikati ya kibanja chake, kahawa huku, migomba kule, atatoa simu, atabonyeza, na kabla ndizi hazijaiva jikoni yeye tayari ni kampuni! (Makofi. Sauti ya mwanamke: "Na mtandao?") Mtandao ukisumbua, atasogea. Kaagya ni kubwa.

Na ili kuonesha kwamba sisi ni watu wa vitendo, nimeagiza ile ofisi yetu ya zamani pale chini, ambayo mpaka jana ndiyo ilikuwa inatoa vyeti, ifungwe tangu asubuhi na watumishi wote waletwe hapa, asiachwe hata mmoja, ili wajionee kwa macho yao jinsi ambavyo mwananchi hatakuwa anasubiri. (Minong'ono.) Wamekaa wale pale chini ya turubai. Datius, simama wakuone. (Mwanamume mwembamba mwenye miwani anasimama, anaangalia saa yake, anaangalia upande wa mjini.) Huyu Datius ndiye amekuwa akisajili biashara zenu miaka yote, anaandika, anasaini, anagonga muhuri, anampa mtu cheti chake, halafu anamwita mwingine, bila nembo, bila kiti kinachozunguka. Fikirieni tulikotoka! Leo tunampumzisha. Asante, Datius, kaa. (Datius haketi.)

Sasa nakaribia kilele. Nyuma yangu mnaona migomba miwili iliyosimikwa asubuhi, kama tunavyofanya kwenye harusi zetu. Katikati yake kuna utepe, na nyuma ya utepe kuna mlango wa rangi ya bluu, rangi ya ziwa letu. Huo ndio mlango mmoja niliowaahidi. Mkasi, tafadhali. (Mkasi unaletwa juu ya mto mdogo. Unagoma. Mheshimiwa anajaribu kwa mkono wa kulia, kisha kwa miwili.) Mnaona uimara wa utepe huu, ndivyo ulivyo mradi wenyewe. (Bi. Joanitha anauvuta utepe kwa upande wake, unakatika pamoja na mgomba mmoja, ambao unaegemezwa tena na Mwenyekiti wa Mtaa. Makofi, vigelegele, kwaya inaachiwa. Mlango haufunguliwi.) Mlango wenyewe kwa leo hautafunguliwa, kwa sababu za kiufundi ambazo ni za kawaida kwa milango mipya.

Kabla sijashukuru, tuamshane kidogo. Nikisema Ada Moja, mnasema Mlango Mmoja! Ada Moja! (Umati: "Mlango Mmoja!") Nikisema Wepesi, mnasema Zaidi! Wepesi! ("Zaidi!") Wepesi! ("Zaidi!") Nikisema Mushumbusi, mnasema... (Mtoto mchanga analia.) Haya, hiyo hatukuifanyia mazoezi.

Sasa shukrani, maana mtu muungwana hujulikana kwa kushukuru. Kwanza namshukuru Mgeni Rasmi kwa hotuba yake nzuri. Pili, kwa namna ya pekee kabisa, namshukuru Bwana Mustapha, mfanyabiashara mwenzetu, mwenye mlango huu, ambaye alikubali tuupake rangi na tuufungie utepe, ingawa nyuma yake ni stoo yake ya saruji, na ambaye anaomba tumpishe mapema kwa kuwa kuna lori linakuja kushusha. (Minong'ono mirefu.) Nawashukuru wanakwaya, ambao ndio mliowaona pale getini na tai zao wakiwa katika nafasi ya wahudumu wetu. Namshukuru mwenye duka la samani aliyetuazima kile kiti kinachozunguka kwa ajili ya picha. Kirudishwe kikiwa na nailoni yake. Na zaidi ya wote nawashukuru waliotupatia fedha, fedha ambayo kwa mujibu wa mgawanyo wake ilikuwa ni ya awamu ya uzinduzi peke yake, ile awamu ya kutafuta jengo, awamu ya kununua kompyuta, awamu ya kuutengeneza huo mfumo, na awamu ya kuomba ruhusa ya kuwa na hiyo ada yenyewe, zote zikiwa bado hazijaombewa. Na kwa kuwa leo ni tarehe thelathini Juni, mwaka wa fedha unakwisha, na fedha isiyotumika ingerudi ilikotoka kwa aibu kubwa, tuliona busara tuanze na kuzindua, kwa hiyo nafurahi kuwatangazia kwamba mradi wa Ada Moja, ambao haujawahi kuwepo, umezinduliwa rasmi mchana huu na utafungwa rasmi jioni hii, ukiwa umetekelezwa kwa asilimia mia moja ya fedha yake. Asanteni sana kwa kunisikiliza! (Hakuna anayepiga makofi. Wanakwaya wanatazamana. Mtu mmoja anacheka peke yake, anaacha.)

(Ma Alistidia: "Mheshimiwa, ulisema mwishoni. Mlango ni upi?") Mama, kwa sasa, katika kipindi hiki cha mpito, mlango ni ule wa zamani, ofisi ile ile ya zamani, kwa ada zile zile za zamani. ("Ile uliyoifunga.") Ile niliyoifunga, mama, ndiyo, lakini niliifunga kwa ajili yenu. (Ma Alistidia anakaa chini kwa mara ya kwanza tangu aliposimamishwa. Anaongea polepole, lakini anasikika mpaka nyuma: "Kahawa ile nimeichuma kwa mikono hii. Nimeilinda na mvua kama mgonjwa. Nimemwambia Penina kwa simu, dada, niamini, leo nitapata. Hatangoja. Na mimi ningekuwa yeye nisingengoja. Roho inaniuma, baba, Ta Mushumbusi, sitaficha.") (Mheshimiwa anafungua karatasi za hotuba, anatafuta ukurasa. Haupo.)

Mama, mimi... (Sauti chini ya turubai. Ni Datius: "Waitu, ufunguo wa ofisi ninao mimi. Saa ya kufunga bado. Tukiondoka sasa hivi nitampa control number ya malipo, analipa kwa simu yake, nagonga muhuri." Sauti ya mzee: "Na sampuli? Si mmeila?" Bi. Joanitha anasimama, anapangusa midomo: "Sampuli nimeikagua. Nimekagua nusu kikapu. Haina uchafu, haina ukungu, na natamani nyingine. Nasaini." Mchungaji: "Mimi ni shahidi." Paroko: "Na mimi." Shehe: "Mimi niliwahi chache, lakini ni shahidi.") (Ma Alistidia amekwisha simama. Viti vinaburuzwa. Watu wote wanasimama.)

Naam! Naona mmesimama. Ndugu zangu, mnanipa heshima kubwa, sikutegemea watu wasimame wote namna hii, tena na meza kuu. (Ma Alistidia anatoka mbio mbele, gauni amelishika kwa mkono, Datius nyuma yake, Bi. Joanitha na kikapu kitupu, halafu umati.) Naona sasa mnatembea. Hilo halikuwa kwenye ratiba, lakini ni ishara ya hamasa. Ndugu wanakwaya, tai za watu hizo! Baba Mchungaji, bado kuna sala ya kufunga. Shehe wangu, umechelewa kuja, usiwahi kuondoka. Mwenyekiti, na wewe? (Mwenyekiti wa Mtaa anauachia mgomba, unaanguka.) Sijamaliza kushukuru. Nilikuwa sijawashukuru wapishi. (Wapishi wanapita na masufuria, wakielekea mjini.) Wapishi, asanteni. (Mwenye vipaza sauti anakunja nyaya zake. Mheshimiwa anaendelea bila kipaza sauti, kisha anashuka jukwaani, kisha anakimbia kidogo.)

Datius! Ngoja kwanza, Datius, usifunge ukimaliza na Ma Alistidia! Mke wangu Nancy ana cherehani yake pale Kagondo, anashona sare za shule, anashona vizuri sana, na tangu mwaka juzi ananiuliza akajisajili wapi, nami kila siku namwambia aendelee kusubiri. Jamani, waitu, mnishikie nafasi, nakuja. (Anavua koti la suti ili akimbie vizuri.)